Hela Inaiva Pamoja na Nywele

Jumatatu, 4 Machi

Sijawahi kumwambia mtu yeyote jambo hili, hata mama: huko mtandaoni mimi ni mzee.

Sikudanganya. Hakuna aliyeniuliza umri. Kuna ukumbi wa watu wanaotengeneza vitu kwa ajili ya ile sarafu mpya ya mtandaoni, isiyo na noti wala benki, na wote wanaandikiana kwa lugha ya pili, ile tunayosomea shuleni. Mimi lugha hiyo nimeipata vitabuni na kwa mwalimu mkuu, basi nikiandika, naandika kama mwalimu mkuu: "Kwa heshima zote, ningependa kutofautiana na ndugu aliyetangulia." Wakaanza kuniita Mzee. Nikanyamaza. Sasa mmoja ananiomba nimkagulie programu yake, mwingine ananiomba nisuluhishe ugomvi wake na mkewe.

Nina miaka kumi na sita. Nikitumwa dukani nikakuta kitu hakipo mahali pake, bora nirudi mikono mitupu kuliko kumuuliza muuzaji.

Leo mvua zimeanza. Bati linapigwa ngoma tangu mchana.

Jumatano, 6 Machi

Mvua. Mwalimu wa hesabu aliniuliza swali. Nilijua jibu, nikasema sijui.

Jumamosi, 9 Machi

Saluni ya mama ndiyo chumba chetu cha mbele. Kuna viti vitatu, kioo kirefu chenye ufa pembeni, beseni la kuoshea vichwa, na draya ya zamani ya kukaushia nywele inayonguruma kama lori, ambayo ikichoka huzimika yenyewe mpaka uipige kibao cha mgongo. Mama anasuka. Mama mdogo anasuka na kusema. Mwanagenzi anafagia, kwa sababu mama bado hajamruhusu kushika kichwa cha mteja. Nyuma ya pazia ni sebule yetu, na kwenye pembe ya sebule ni meza yangu na kompyuta ambayo mjomba alituazima.

Leo nesi wa zamu ya usiku alikuja kusuka rasta. Akawa analalamika huku kichwa kimeinamishwa.

"Ndugu yangu aliyeko ng'ambo ameanza kunitumia hizi sarafu za mtandaoni. Zinafika upesi, siwezi kukataa. Ila zikishafika zinakaa kwenye simu kama picha ya chakula. Nazitazama tu."

"Mdogo wangu anazijua hizo!" Kaka huyo. Kaka yangu akisalimiana na mtu njiani, chai nyumbani inapoa. Kabla sijajua ninafanywa nini, pazia limefunguliwa na watu sita wananitazama.

Ulimi ukagoma. Ikabidi tutumie njia yetu ya siku zote: mimi namnong'oneza kaka, kaka anatangaza.

"Anasema inawezekana kulipia hapa hapa saluni! Anasema anaweza kuitengenezea saluni pochi ya mtandaoni na ukurasa wa kupokelea! Anasema tatizo ni moja, hela ikitumwa haiwi yako papo hapo. Lazima kwanza kompyuta za watu duniani kote ziikague. Pengine nusu saa, pengine saa nzima."

"Saa nzima!" mama mdogo akasema. "Si mteja atakuwa ameshafika kwao, amepika, amekula?"

Mama alikuwa na uzi mdomoni. Akautoa.

"Mteja wa dukani, ndiyo. Wangu je? Kichwa hiki ni saa nne. Alipe akikaa. Mpaka nifike kisogoni, hela yake itakuwa imeiva."

Nilitamani kumkumbatia. Ukumbini kungoja huko kunatugombanisha kila wiki, na sikuwahi kuwaza juu ya kazi ambayo yenyewe ni ya kungoja.

Jioni mama akaniita jikoni.

"Kitengeneze hicho kitu. Nakupa mpaka mvua zikatike. Kikitufaa, vizuri. Kisipotufaa, kompyuta inarudi kwa mjomba wako, maana kila akipiga simu anaiulizia kama anaulizia mgonjwa. Na wewe jioni utakuja mbele kuosha vichwa na kuongea na watu."

Sijui kipi kilinitisha zaidi, kupoteza kompyuta au kuongea na watu.

Jumapili, 10 Machi

Mama ameugombeza ukurasa wangu hata haujazaliwa. Nilimchorea kwenye karatasi: malipo yakiingia, duara jekundu. Yakiwa katikati ya kukaguliwa, la njano. Yakikamilika, la kijani.

"Umepindua," akasema.

"Mama, kijani ni salama. Kama taa za barabarani."

"Mimi nina gari? Nyanya ikiwa ya kijani unaikata?"

Nikachora upya. Malipo yetu yataanza kijani na kuishia jekundu.

Ijumaa, 15 Machi

Umeme ulikatika, ukarudi, ukakatika. Nimeandika programu kwa vipande kama mtu anayekula huku anaitwa.

Jumanne, 19 Machi

Inafanya kazi! Yaani, inafanya kazi kwa hela ya kuchezea.

Sarafu hii ina mtandao wake wa kweli, na pembeni una mtandao wa majaribio, ambako sisi tunaotengeneza tunajaribia mambo yetu. Sarafu za majaribio zinafanana na za kweli kama pacha, ila hazina thamani yoyote. Unazichota bure kwenye tovuti tunayoiita bomba. Kwa sasa nimeuambia ukurasa wangu upokee za pande zote mbili, ili nijaribu bila kugusa hela ya mtu. Nikimaliza nitaufunga mlango huo wa majaribio.

Kaka aliingia nikiwa nachota.

"Hiyo nini?"

"Bomba."

"La nini?"

"Sarafu."

"Ahaa," akasema, akatoka anapiga mluzi. Mazungumzo mafupi kama hayo ndiyo ninayoyapenda.

Jumamosi, 23 Machi

Nesi amelipa!

Akakaa, akaelekeza simu yake kwenye kile kimraba cha madoadoa nilichokibandika ukutani, akabonyeza. Duara la kijani likatokea. Saluni nzima ikageuka kutazama kompyuta niliyoiweka dirishani, kama watu wanaongoja chungu kichemke. Mama mdogo aliacha nywele za mtu katikati.

"Bado mbichi," mama akatangaza.

Walipopita paji la uso, njano. Kabla hawajafika utosini, jekundu, na mama akasema "Imeiva!" kwa sauti ambayo sijaisikia tangu kaka alipofaulu mtihani wa udereva katika jaribio la tatu. Wateja wakapiga makofi. Nesi akasimama akainama kidogo kama mwigizaji jukwaani.

Mimi nilikuwa nyuma ya pazia. Nilipiga makofi pia, taratibu.

Nimeandika habari hiyo ukumbini. Wameuliza kwa nini kwetu nyekundu ndiyo heri. Nimejibu kwamba yapo masuala ambayo hekima ya wakubwa wetu imekwisha kuyaamua. Mzee amesifiwa sana.

Alhamisi, 28 Machi

Mvua. Beseni la saluni limeziba. Nesi amesema ataleta wenzake wawili wa wodini.

Jumamosi, 6 Aprili

Saluni imejaa mpaka kwenye ngazi! Wenzake wawili wa nesi walikuja mapema, kisha wakaja wanafunzi wa chuo, kisha mpangaji wa nyumba ya tatu, kisha mwalimu wangu wa hesabu mwenyewe. Nilipoisikia sauti yake nilijiviringisha kwenye pazia kama kiwavi. Wote wanalipa kwa sarafu. Duara juu ya duara. Kaka anasimama mlangoni akiwapokea, anawaonyesha kitu kwenye simu zao, wanacheka, wanaingia.

"Mwanangu ana mvuto," mama akasema, akimaanisha kaka.

Niliona wivu. Naandika hapa kwa kuwa hakuna pengine pa kuandika. Programu ni yangu, lakini jina linalotajwa saluni ni lake. Mtu akiuliza "nani ametengeneza hii?" yeye anasema "sisi." Sisi!

Jumanne, 9 Aprili

Mvua ya mawe. Wateja wanne hata hivyo.

Jumamosi, 13 Aprili

Mama anaimba akisuka. Mama mdogo amesema tangu wazaliwe hajamsikia dada yake akiimba bila kuwa na homa. Jumamosi ijayo mama atakwenda kwa mwenye duka la simu, yule anayebadilisha sarafu za mtandaoni kuwa hela ya mkononi, kisha atapita moja kwa moja kununua draya mpya. Ameshaichagua. Ni nyeupe, na haingurumi.

"Mvua bado hazijakatika," akaniambia, akinipiga kidole shavuni, "lakini naona kompyuta imeanza kuota mizizi."

Nimelala nikitabasamu. Kaka tu ndiye aliyenikera, kwa kujitwalia kipande kikubwa cha mkate eti kwa sababu ya "kazi ya kuvuta wateja."

Alhamisi, 18 Aprili

Siku yangu mbaya kuliko zote. Nitaiandika yote.

Mama aliniomba nijumlishe sarafu za saluni, aende Jumamosi akiwa na hesabu kamili. Nilirudi kutoka shule nimelowa, nikafungua pochi hata kabla ya kubadili nguo. Kila malipo yana alama yake mwanzoni, inayoonyesha yametoka mtandao gani. Nikatazama. Nikapangusa kioo kwa kiwiko, nikatazama tena.

Malipo ya nesi, ya kweli. Ya wenzake wawili wa wodini, ya kweli. Mengine yote, ya wanafunzi, ya mpangaji, ya mwalimu wa hesabu, yote, yametoka kwenye bomba.

Nilikuwa sijaufunga mlango wa majaribio.

Ndipo nikaelewa kitu ambacho kaka amekuwa akiwaonyesha watu pale mlangoni. Aliniuliza "hiyo nini," nikamjibu neno moja, naye akaenda kujenga ulimwengu juu ya neno hilo. Bomba la sarafu! Za bure! Na mdogo wake mwenyewe, bingwa, ndiye anayechota! Nani asingewaambia rafiki zake? Ningeongeza sentensi moja tu, "ni za kuchezea, hazinunui kitu," haya yote yasingetokea. Lakini sentensi moja kwangu ni safari.

Kwa hiyo mama amesuka vichwa karibu wiki mbili kwa hela isiyoweza kununua kitana. Mgongo wake unauma kila jioni, namsikia akijinyoosha. Na keshokutwa atalivaa gauni lake zuri, aende kwa mwenye duka la simu, afungue pochi mbele ya watu, achekwe.

Nikaandika ukumbini. Mara hii sikuandika kama mwalimu mkuu. Niliandika: Mimi si mzee. Nina miaka kumi na sita. Nimesahau kufunga mlango wa majaribio, na mama yangu ametumikia watu kwa hela ya bomba. Nifanye nini?

Nikaenda kubadili nguo zilizolowa. Nilijua nimefukuzwa.

Kisha yule mwenye ugomvi na mkewe akaandika: "Tulidhani una wajukuu."

Wa pili akaandika kwamba yeye aliipa pochi yake neno la siri gumu sana ili mwizi asilijue, sasa hata yeye mwenyewe halijui, anaitazama tu kama samaki ndani ya chupa. Wa tatu kwamba aliwahi kutuma mshahara wake wote kwenye anwani aliyoitunga mwenyewe kwa kujaribu. Walicheka, lakini walikuwa wanacheka wakinisogezea kiti. Mwishoni yule wa kwanza akaandika: "Funga mlango sasa hivi. Halafu mwambie mama. Na kuhusu mke wangu, ushauri wako ulikuwa mzuri, Mzee, sijui uliupata wapi."

Niliupata kwa mama mdogo, anayezungumza pazia likiwa wazi.

Mlango nimeufunga. Ulikuwa mstari mmoja wa programu. Kumwambia mama nako ni mstari mmoja.

Ijumaa, 19 Aprili

Sikusema. Mara tatu nimefika kwenye pazia. Mara ya tatu mama mdogo aliuliza kama nina tumbo la kuhara.

Jumamosi, 20 Aprili

Nilisema. Lakini si kama nilivyopanga.

Nilipanga kumwambia mama peke yake asubuhi. Asubuhi akaamka kabla yangu, na nilipotoka saluni ilikuwa imeshajaa. Mvua ilikuwa inamwagika, madirisha yamefungwa, draya inanguruma na mtu ndani yake. Mama alikuwa amevua aproni, kichwa alichokianza amemwachia mama mdogo. Amevaa gauni zuri na viatu vya kutokea, anajitazama kwenye kioo upande usio na ufa. Kaka alikuwa ameshakwenda jana kumwomba mwenye duka la vifaa vya saluni aiweke draya nyeupe kando isije ikachukuliwa.

Nikapita kwenye pazia.

"Mama," nikasema. "Zile hela..."

Hakuna aliyesikia.

"Mama, usiende."

"Binti anataka chai?" mama mdogo akauliza.

Mama alikuwa ameshashika mwavuli. Kaka akaniona ninavyochezesha midomo, akaja, akainamisha kichwa kama kawaida yetu, akaniletea sikio. "Ninong'oneze. Nitawaambia."

Nikalitazama sikio la kaka yangu. Lilikuwa na povu kidogo la sabuni. Nikawaza: nikimnong'oneza, atafungua mdomo wake mkubwa kama siku zote, aanze kutangaza, na katikati ya sentensi atagundua kwamba anajitangaza mwenyewe. Mbele ya wote aliowaleta. Sikuweza. Nikamsukuma sikio pembeni, nikavuta pumzi mpaka tumboni, nikapiga kelele ya kuishinda draya.

Na draya, jamani, ikachagua sekunde hiyo hiyo kuzimika.

"ZILE HELA NI ZA KUCHEZEA!"

Hata aliyekuwa ndani ya draya alitoa kichwa nje.

"Zipi?" mama akasema taratibu.

Hapo hapakuwa tena na pa kurudi. "Za bomba. Zote. Za nesi na wenzake ndizo za kweli. Za bomba ni za kujaribia programu, hazina thamani, hazikuwahi kuwa nayo."

Macho yote yakamgeukia kaka. Uso wake ulikuwa umegeuka rangi ya majivu.

"Lakini ni yeye aliyetuonyesha!" mwanafunzi mmoja akasema. "Kasema chota unavyotaka!"

"Wewe mtoto wewe!" mama mdogo akainua kitana.

"Aliniuliza ni nini nikamjibu neno moja," nikasema. Sauti ilikuwa inatoka, na ilikuwa yangu. "Sikumweleza. Na mlango wa kuziingiza niliuacha wazi mimi. Yeye alileta watu tu. Angekuwa na mdogo anayesema, angejua."

Mvua iliendelea kupiga bati. Kwenye kiti cha kati alikuwa mwalimu wangu wa hesabu, amerudi kusuka upya, kichwa nusu kimesukwa, nusu kimesimama.

"Na wewe mwalimu," mama akamgeukia, "hela ya bure, inatoka bombani, isiyokwisha. Hukujiuliza?"

"Nilijiuliza," mwalimu akasema. "Nikajijibu nisijiulize."

Mtu akaguna. Mama hakucheka. Alichomeka kitana kwenye nywele zake mwenyewe, akatazama vichwa vya watu mmoja mmoja, kama anavyofanya anapotafuta pa kuupitisha mstari wa kwanza.

"Sifumui kichwa cha mtu," akasema. "Kilichosukwa kimesukwa. Ila mmenilipa kwa sarafu za majaribio. Basi nami nadai vichwa vya majaribio. Kila aliyelipa kwa bomba, nywele hizi zikichakaa, anarudi hapa anakaa kwenye kile kiti cha mwisho, na anasukwa na huyu."

Akamnyooshea kidole mwanagenzi, aliyekuwa amejificha nyuma ya ufagio.

"Mimi?"

"Wewe. Kutwa unalia huna kichwa cha kujifunzia. Hivyo hapo, chagua."

"Na mimi niliye katikati?" mwalimu akauliza, akijishika nusu iliyosimama.

"Kushoto ni kazi yangu, nimeshaianza. Kulia ni kwake."

Hapo ndipo saluni ilipolipuka. Walicheka mpaka aliyekuwa kwenye draya akaipiga kibao mwenyewe ikawaka. Wanafunzi wawili waliondoka wamenuna, wakisema wao walishalipa. Waende. Waliobaki walibaki.

Mwanagenzi alikiendea kile kichwa cha mwalimu kama mtu anayeendea nyuki, lakini uso wake ulikuwa unang'aa.

Mama akavua viatu vya kutokea, akavaa aproni juu ya gauni zuri.

"Na wewe," akaniambia akipita, "kesho utasuka kichwa cha kaka yako."

"Mama, sijui kusuka."

"Ndiyo maana."

Kuhusu kompyuta hakusema kitu.

Jumapili, 21 Aprili

Nimesuka. Mistari imekwenda kama mito kwenye ramani. Mmoja umeanzia kwenye paji la uso ukamalizikia sikioni, bila sababu. Kaka alikaa sakafuni kati ya magoti yangu tangu chai ya asubuhi mpaka chakula cha mchana na hakulalamika isipokuwa kwa "aii."

"Kwa nini hukuninong'oneza jana?" akauliza.

"Ungeaibika."

"Nimeaibika hata hivyo."

"Lakini si kwa mdomo wako."

Akakaa kimya kwa mistari miwili. Sijawahi kumwona kaka akikaa kimya kiasi hicho akiwa macho.

"Unajua nikianza kusema mara nyingi sijui nitamalizia wapi?" akasema. "Nakuona wewe unakaa na maneno mpaka yakamilike. Mimi natangulia, natumaini yatanifuata. Aii! Hapo ni ngozi."

"Pole."

"Na ile 'sisi.' Nilikuwa namaanisha sisi kweli."

Nikafumua ule mstari wa sikioni nikausuka upya, vizuri zaidi kidogo.

Jumatatu, 22 Aprili

Mwalimu wa hesabu amefundisha akiwa na upande wa kushoto wa malkia na upande wa kulia wa kikapu kilichokanyagwa. Darasa lilikufa kwa kicheko. Akaniuliza swali. Nilijua jibu, nikalisema.

Jumamosi, 27 Aprili

Nimebandika karatasi juu ya kile kimraba: HELA YA BOMBA HAISUKI HAPA. Maneno ni ya kaka, mwandiko ni wangu. Wateja wa sarafu leo: mmoja, nesi.

Jumamosi, 4 Mei

Wawili. Mvua zinalegea. Asubuhi jua lilitoka, na mimi peke yangu mtaani sikulifurahia.

Alhamisi, 9 Mei

Mwanagenzi amesuka kichwa cha tano. Huyu hakuhitaji kofia.

Jumamosi, 11 Mei

Wodi karibu nzima ya nesi imekuja. Wote wana ndugu ng'ambo, wote wana sarafu za kweli zilizokuwa zimelala kwenye simu. Mmoja aliuliza kwa nini duara ni la kijani muda mrefu hivyo. Nikajikuta namweleza, mimi mwenyewe, kwa sentensi nne. Kaka alisimama pembeni ameziba mdomo kwa mkono, asije akanisaidia.

Mama alikwenda kwa mwenye duka la simu akiwa na aproni. Alirudi akasema bei ya sarafu ilibadilika kati ya "hujambo" na "kwaheri," mara mbili. Hakubadilisha hata moja. Alitaka tu kuijua bei. Sarafu zetu hazitoshi draya nyeupe, hata robo tatu yake.

Akasema, "Haya." Mama akisema "haya" inaweza kuwa kitu chochote.

Jumatano, 15 Mei

Mchana kutwa hakuna tone. Nimepangusa kompyuta kwa kitambaa, hata katikati ya vitufe.

Jumamosi, 18 Mei

Vumbi limerudi barabarani. Mvua zimekatika, hata mtoto anaweza kuona.

Mjomba amekuja. Naandika huku nawasikia, pazia ni jembamba. Amekuja na lile begi la kompyuta, tupu, analitikisa mkononi.

"Dada yangu, nimekuja kuchukua mzigo wangu. Nasikia ulikuwa na mkataba na mvua."

"Kaa kwanza, kaka. Mzigo gani?"

"Unaujua."

"Ule wa zamani? Wenye kitufe kinachong'oka?"

"Ulikuwa mzima nilipouleta!"

"Taja bei."

Nasikia draya tu, ile ya zamani, inanguruma.

"Bei ya nini?"

"Nauliza unauza kiasi gani. Hela ninayo. Nilikuwa naiwekea draya, lakini draya hii ukiipiga kibao inaamka. Mwanangu nilimpiga maneno miaka kumi na sita ndipo akaamka, na kilichomwamsha ni hiyo kompyuta. Sasa nikuachie uiondoe?"

Mama mdogo amecheka. Mjomba anakohoa. Ametaja bei. Mama ametaja nusu yake. Mjomba ameapa kwa marehemu babu. Mama amemkumbusha ni nani aliyemuuguza babu. Wamekubaliana.

"Toa basi," mjomba anasema.

"Natoa kwa sarafu za mtandaoni. Za kweli, za manesi. Ukimaliza chai zitakuwa zimeshakuwa zako."

"Mimi hizo nitaziweka wapi? Sina hiyo pochi yenu!"

"Fundi yupo nyuma, atakufungulia. Ila mwulize vizuri, anajibu mpaka mwisho siku hizi."

Fundi. Hakusema "binti," hakusema "mdogo wake fulani."

Kiti kimesogezwa. Nasikia viatu vizito vya mjomba, na kandambili za mama mbele yake, zinakuja huku. Kurasa hizi zimeshasema mengi ambayo wao hawapaswi kuyasoma, hasa lile la mwanzo. Daftari linaingia chini ya kompyuta yangu.